Safari ya Kumtafuta Adhiambo kwa Dada Zake

Wenzangu wa karakana, wazee wa kanisa, na wewe mama wa chai pale Kibuye ambaye umeuliza kuliko wote: mmeniona nimerudi na pikapu ina matope mpaka kwa kioo, nimenyamaza, mkaanza kusema huyu Owino amepatwa na nini. Kueleza mmoja mmoja sitaweza, kazi yangu italala. Nimekaa chini nikaandika mara moja, mtapeana wenyewe kwa wenyewe.

Mnanijua. Mimi ndiye Owino wa matanki. Ukisimama Kondele hapa Kisumu ukatazama mapaa, yale matanki ya bati unayoyaona, nusu yametoka kwa mkono wangu, na ile nusu ingine inavuja. Nilianza na nyundo ya kuazima. Leo nina karakana, nina pikapu, na nina binti aliyesoma mpaka vitabu vikaomba kupumzika.

Huyo binti, Achieng, kazi yake ni galaksi. Galaksi ni mji wa nyota. Hili jua letu linalotuchoma ni nyumba moja tu katika mji mmoja, na hiyo miji haina idadi. Kuna darubini kubwa ziko milimani ng'ambo, zinapiga picha za anga kipande kwa kipande, halafu watu kama Achieng wanakaa na picha hizo kupima na kupanga, wajue miji hiyo ilianzaje na inakuaje. Ni sensa, ila hakuna mlango wa kubisha. Sasa ameitwa huko ng'ambo kufanya kazi hiyo kwa miaka, si kwa miezi.

Mama yake, Adhiambo, alitutoka Achieng akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtoto hakumbuki hata sauti. Na mimi, ninyi ni mashahidi, kwenye harambee nikishika maikrofoni inapata joto, lakini nikiulizwa kuhusu mama Achieng koo linafunga. Limefunga miaka yote. Alipopata habari ya kuondoka, Achieng alinijia akaniambia polepole, "Baba, naenda kuchunguza miji ambamo hakuna mtu atakayewahi kuishi, na mama yangu mwenyewe simjui. Kama wewe huwezi kunisimulia, nipeleke kwa wanaoweza. Nikiondoka hivi nitakuwa nimeondoka mtupu."

Adhiambo aliacha dada watatu. Mama Ouma, mkubwa wao, yuko Awasi. Anayemfuata, Mama Rose, yuko Otonglo. Apondi, kitinda mimba, yuko ufuoni huko mbele ya Bondo. Nikasema sawa, tutaenda kwa wale wawili wa kwanza. Huyo wa tatu nikamruka, nikijifanya barabara ni mbaya.

Kisumu hadi Ahero

Tuliondoka asubuhi baada ya chai. Pikapu niliiosha mwenyewe, na nilivaa ile suti yangu ya kijivu mnayoijua.

"Baba," Achieng akasema, "tunaenda Awasi, si Bungeni."

"Mtu akienda kwa wakwe anavaa kama mtu aliyemaliza mahari."

"Na ulimaliza?"

"Panda gari."

Tulipofika Ahero akaniambia simama. Nikadhani ameona matikiti, nikashuka nikaanza kuyagonga moja moja kwa kidole, maana tikiti likiwa na uongo ndani mimi nalisikia. Nikachagua zuri, nikalipia, kugeuka nikamwona binti yangu amesimama kwenye ukingo wa mfereji, hana habari na tikiti.

"Nilitaka uone mpunga," akasema.

Mashamba yale nimeyapita maisha yangu yote, sijawahi kuyatazama. Akanionyesha kwa kidole. Hapa kitalu, miche myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Pale wanawake wameinama ndani ya maji wanapandikiza. Mbele yao shamba lingine limejaa kijani, lingine limetoa masuke, na lile la mwisho limekuwa la manjano, mzee mmoja anafukuza ndege kwa kopo na kijiti.

"Chukua mgeni ambaye hajawahi kuona mpunga," akasema. "Ana mchana mmoja tu hapa Ahero. Anaweza kujua mpunga unakuaje?"

"Akae msimu mzima."

"Hana msimu, baba. Ana mchana."

Nikatazama tena, kutoka kitalu mpaka kwa yule mzee wa kopo. "Basi apange," nikasema. "Hili linakuja kabla ya hili. Hili baada ya lile."

"Ndiyo kazi yangu."

Akanieleza kwamba galaksi moja inakua polepole hivi kwamba tangu Adamu hakuna binadamu aliyeiona ikibadilika. Huwezi kuikalia uingoje. Kwa hivyo unapiga picha nyingi, za miji ya kila umri, halafu unapanga kama mashamba haya.

Mimi si mtu wa kukubali haraka. Nikamwambia, "Unaweza kupanga vibaya. Lile la manjano labda halijakomaa. Labda limekosa maji tu."

Akanitazama kidogo. "Baba, wewe ungepata kazi kwetu. Hapo ndipo tunapogombania kila siku."

Mnisamehe, hilo singeacha kuliandika.

Tukala tikiti pale pale, tumeegemea pikapu. Ndipo akaniambia mpango wake. Yeye hawezi kumwona tena mama yake katika umri wowote. Lakini dada za mama wapo, kila mmoja na umri wake, kila mmoja na kipande chake. Atawauliza wote swali moja, lile lile bila kubadilisha neno, maana ukimuuliza huyu hivi na yule vile huna cha kulinganisha.

"Swali gani?"

"Mama yangu alikuwa mtu wa namna gani asubuhi?"

"Mbona asubuhi?"

"Kwa sababu hakuna mtu ambaye amejitayarisha kulijibu."

Awasi

Tulipoingia kwa Mama Ouma nilijua kuna kosa. Kulikuwa na hema. Chini ya hema wanawake wa kanisa na sare zao, makreti ya soda, na jogoo mkubwa amefungwa mguu akisubiri hatima yake. Vigelegele vikapigwa kabla sijazima injini.

Mama Ouma sasa ni mtu mzima, anatembea akishika kiuno, lakini mdomo haujazeeka. "Shemeji," akasema, "umekonda, ama hiyo suti ndiyo imenenepa?" Akamkumbatia Achieng, akamzungusha, akamkagua. Halafu akaenda moja kwa moja kwa pikapu, akachungulia mbele, akainua turubai nyuma.

"Hapa kuna jeki na gurudumu tu. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee. Huyo kijana. Mmemwacha kwa barabara ajifunge tai?"

Hapo nikaelewa. Kwa simu nilikuwa nimesema tu nakuja na Achieng, kuna jambo. Na sisi tunajua, shemeji aliyepotea miaka akitokea ghafla na binti mkubwa, amevaa suti, jambo ni moja. Kuna mtu anataka kuoa, na upande wa mama unajulishwa. Mama Ouma alikuwa ameita kijiji kije kujulishwa pamoja naye.

Achieng akasimama mbele ya hema lile akaeleza kwa adabu kwamba hakuna kijana. Kuna galaksi. Akaeleza sensa, darubini, ng'ambo. Alipomaliza, ungesikia inzi akitembea kwenye chupa ya soda.

Mwishowe mama mmoja mzee akauliza, "Na huko kwa galaksi hakuna wanaume?"

"Wapo, mama. Lakini wanatazama juu tu."

"Basi ni sawa," yule mama akasema. "Mwanamume anayetazama juu atajikwaa. Wewe kaa pale atakapoangukia."

Hema lote likacheka, soda zikafunguliwa, jogoo akachinjwa kama vile alikuwa na kosa lake binafsi. Tulikula kuku na ugali wa mtama na osuga, ile mboga ya mnavu, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukawa utamu. Firigisi nililetewa mimi, kama inavyostahili.

Ndipo Achieng akauliza swali lake. Mama Ouma akakaa wima, akarekebisha kitambaa cha kichwa, na sauti yake ikawa ile ya maikrofoni.

"Mama yako alikuwa malaika. Aliamka akiomba. Hakukosana na mtu yeyote mpaka Mungu akampenda zaidi."

Akina mama wakasema amina. Achieng akashukuru, akamshika mkono.

Tulitaka kurudi jioni hiyo, lakini mvua ilinyesha, na udongo wa bonde la Kano huko mnaujua, ukilowa hauachi mtu. Pikapu ilizama mpaka kwa ekseli. Tukalala hapo hapo, na asubuhi wale wale akina mama wa sare walikuja kusukuma, wakiniimbia mimi ni bwana harusi asiye na bibi. Suti ilibadilika rangi.

Kwenye lami nikamuuliza Achieng, "Umepata?"

"Nimepata upendo," akasema. "Lakini yale maneno ni ya mazishi, baba. Ukibadilisha jina yanamtosha mtu yeyote."

Otonglo

Mama Rose ana hoteli ya samaki kando ya barabara, na ukitaka kujua hali ya ndoa zote kutoka Kisian mpaka Kisumu mjini, agiza samaki wa ngege ukae pale. Alituona tukishuka, hakusalimia.

"Ndiye huyu wa matanki? Lile uliloniuzia linavuja."

"Halivuji. Linatoa jasho."

"Basi limpeleke hospitali mwenye kulitengeneza. Kaeni."

Alituletea samaki mzima kila mmoja, mchuzi mzito, na sukuma. Hakuturuhusu kusema lolote mpaka tufike mifupa. Halafu akamwambia Achieng, "Sasa nionyeshe hiyo kazi iliyomnyima mama yako mkubwa harusi."

Achieng akafungua picha kwa simu. Kweli ni vitu vya kutazama. Vingine vimezunguka kama maji yanayoingia shimoni, vingine vimevimba tu kama mandazi. Akasema zile za buluu bado zinazaa nyota mpya, zile nyekundu zimeacha kuzaa, zimebaki na nyota kuukuu. Nikasema hapana, nyekundu ndiyo ya moto, mimi ni mtu wa chuma. Akaniuliza, "Na chuma chekundu kikizidi kupata moto kinakuwa rangi gani?" Nikasema kinakuwa cheupe. Nikarudi kwa mifupa yangu.

Mama Rose alikuwa ameshika simu karibu na pua. "Hizi mbili zimeshikana?"

"Zinagongana, mama. Polepole sana. Mwishowe zitakuwa moja."

"Hiyo ni ndoa. Na hii ndogo hapa?"

"Hiyo imekaribia kubwa mno. Kubwa inaivuta, tazama, imeanza kuchanika upande."

"Hiyo pia ni ndoa," Mama Rose akasema, akamrudishia simu. "Na yetu ni ipi?"

"Yetu hatuna picha yake ya nje. Sisi tuko ndani."

Mama Rose akafuta meza.

Achieng akauliza swali. Mama Rose akafuta mikono kwenye aproni na mimi nikaona anapanda ngazi ile ile ya Mama Ouma. "Asubuhi? Aliimba. Sauti yake ilikuwa kama kengele. Alikuwa mpole, mwenye kutoa. Wa kwanza kanisani, wa kwanza shambani."

"Asante, mama," Achieng akasema. Akasukuma sahani kando. Baadaye kidogo akaanza kuongea, akitazama barabara.

"Kwetu kuna kosa moja ambalo kila mtu anafundishwa kuliogopa. Ukitazama mbali, unaona galaksi zinazong'aa tu. Zile hafifu ni nyingi zaidi, lakini darubini haizishiki. Ukihesabu ulizoziona ukafunga kazi, utasema ulimwengu wote unang'aa. Utakuwa umedanganya na hukukusudia."

"Na hapa kwetu hafifu ni nani?" Mama Rose akauliza, ingawa alijua. Alinitazama mimi. Mimi nilimtazama samaki.

"Mama mdogo Apondi," Achieng akasema. "Baba hataki kunipeleka."

Sasa niwaambie. Baada ya mazishi ya Adhiambo, wazee wa upande wake walikaa wakasema mdogo wake aje kwangu amlee mtoto. Mnajua desturi hiyo ya zamani, na mnajua kulea huko hakuishii kwa mtoto. Apondi alikuwa msichana tu, amekaa pale mkekani na wanawake, uso umeinama. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema hapana. Sikueleza. Na kumkataa binti wa watu mbele ya umati, bila sababu, hilo si jambo dogo. Tangu siku hiyo sikumwona tena. Yeye hakuja kwangu, mimi sikwenda kwake. Hata dada zake hawamtembelei sana, wanasema hana maneno.

"Atanifukuza," nikamwambia Mama Rose.

"Akikufukuza utarudi hapa ule samaki. Mpeleke mtoto, shemeji. Wewe ni mtu mkubwa."

Kisian hadi Bondo

Kesho yake tukakata kona pale Kisian, tukashika barabara ya Bondo. Nilikuwa nasema kwa moyo pikapu ikiharibika si kosa langu. Ikasikia. Baada ya Ndori paipu ya rejeta ikapasuka, mvuke ukatoka kama treni.

Wengine wangeita fundi. Mimi nilifungua mshipi wa mizigo, nikakata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikafunga nikakaza, na paipu hiyo ndiyo mnaiona mpaka leo. Kilichokosekana kilikuwa maji. Mama mmoja wa duka alikubali kutupa mtungi, lakini kwanza akasoma maandishi kwenye mlango wa gari, akaniuliza mtu wa matanki anawezaje kusafiri bila maji. Akatupa na uji pia, wa kututuliza.

Tulikaa ukutani kwake tukingoja injini ipoe. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na fundi anagonga bati juu ya paa. Unaona nyundo imeshuka, kimya, halafu ndiyo mlio unafika, na yeye ameshainua mkono tena.

"Huyo anatuma sauti ya zamani," nikasema.

Achieng akafurahi mpaka akamwaga uji. Akasema mwanga ni hivyo hivyo. Unasafiri, unachelewa. Galaksi ya mbali unaiona kama ilivyokuwa mwanga ulipoondoka, bado changa, bado inajengwa. Yenyewe saa hii imeshakuwa kitu kingine. "Hatuoni ilivyo," akasema. "Tunaona habari ya mwisho iliyotufikia."

Nilimtazama yule fundi muda mrefu. Kwa kichwa changu Apondi alikuwa bado msichana amekaa mkekani, uso umeinama. Hiyo ndiyo habari ya mwisho iliyonifikia.

Pale Bondo nikasema lazima tununue cha kupeleka. Nikanunua sukari, mkate, sabuni ya mche, mafuta, majani chai. Nikarudi tena kwa chumvi. Nikarudi kwa kiberiti.

"Baba, utanunua duka lote?"

"Mtu haendi mikono mitupu."

"Mikono imejaa mpaka kwenye viwiko. Twende."

Ufuoni, kwa Apondi

Tulimkuta nyuma ya nyumba, ameinama juu ya nyavu zilizotandazwa chini, anageuza omena, wale dagaa wa ziwa, kwenye jua. Ziwa liko hapo tu, ungerusha jiwe. Aliposikia gari alijinyoosha, akageuka, akaweka mkono juu ya macho.

Ndugu zangu, alikuwa Adhiambo.

Nimeandika na nimeirudia kusoma, na ndivyo ilivyokuwa. Adhiambo mwenye mvi kando ya masikio. Adhiambo aliyenenepa kidogo mabegani, mwenye mistari miwili kati ya nyusi ambayo mke wangu hakupewa muda wa kuipata. Nilishika mlango wa gari. Achieng alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaelewa kabla sijapumua.

"Si yeye, baba," akaninong'oneza. "Kumbuka mpunga. Shamba jirani si shamba lako."

"Najua," nikasema. Lakini macho hayakujua.

Apondi alikuja polepole. Hakuniita shemeji.

"Owino. Umezeeka."

"Na wewe," nikasema.

Akamshika Achieng kidevu, akakiachia. Akatazama anga upande wa ziwa. "Mvua inakuja. Omena ikilowa imeharibika. Mtasaidia ama mtasimama?"

Basi tukainama sote watatu, mimi na suti yangu iliyobaki, tukakusanya omena kwenye magunia, magoti chini. Nawaambia sijawahi kushukuru kazi kama siku hiyo. Tulimaliza matone ya kwanza yakianguka, tukaingia ndani tunanuka samaki.

Aliweka chai. Akakaa kwenye kigoda akinielekea, na maneno aliyoyasema ni ya mtu aliyeyaweka muda mrefu lakini hana haraka nayo.

"Ile siku ulisema hapana, nilimshukuru Mungu."

"Ulimshukuru?"

"Nguo zangu zilikuwa zimefichwa kwa jirani. Ungesema ndiyo, jioni hiyo ningekuwa nimevuka ziwa kwenda Mbita. Nilikuwa na kijana wangu. Ndiye huyu mume wangu, yuko ziwani."

"Na mbona hukuja hata siku moja?"

"Nilidhani unajua habari ya zile nguo. Nilidhani umeona nimekutukana."

Nilicheka. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na Achieng akanipiga mgongo. Miaka yote hiyo kila mmoja amejificha kwa sababu ya kosa ambalo mwenzake hakuliona. Nilipopata sauti nikamwambia ukweli, ambao sikuwa nimemwambia mtu. Nilikataa kwa sababu ya ule uso. Ningeutazamaje kila siku, na si yeye?

Apondi akaitika kwa kichwa. "Nilijua baadaye. Mimi mwenyewe nilitoa kioo ukutani."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Achieng akangoja ipungue, halafu akauliza, neno kwa neno. "Mama mdogo, mama yangu alikuwa mtu wa namna gani asubuhi?"

"Asubuhi?" Apondi akafikiri kweli. "Asubuhi alikuwa mbaya."

Achieng akainua uso.

"Hakuna wa kumsemesha. Niliishi nao pale Manyatta nikiwa shule, walipokuwa wameoana tu. Ukimwambia habari ya asubuhi anakutazama kama umemwibia. Hakuimba, nani amekuambia aliimba? Aliguna. Jiko likikataa kuwaka alilitukana kwa jina, jiko lilikuwa na jina. Na hasira hiyo yote alikuwa ameamka mapema kwa kutaka mwenyewe, kabla ya jogoo, kwa sababu ya huyu." Akaninyoshea kidole.

"Baba?"

"Hajakwambia? Huyu alikuwa hajui kuandika hata herufi moja. Alikuwa kibarua wa kushikilia bati, fundi akimwambia andika kipimo anatoroka kwenda choo. Dada yangu alichukua kipande cha bati na mkaa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, huyu amekaa kwenye debe la rangi kama mtoto wa chekechea, yeye amesimama nyuma yake. Huyu akikosea, dada anafuta kwa ncha ya leso yake. Leso zake zote zilikuwa nyeusi upande mmoja. Akikosea tena, mwiko wa kichwa."

Achieng alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Akanigeukia. "Ni kweli?"

Hapo ndipo koo liliponifunguka, sijui niseme nini zaidi. Nilimwambia ni kweli. Nilimwambia mwiko ulikuwa wa mti wa mpera na unauma. Nilimwambia mama yake hakuwa mtu wa kukumbatia, lakini akiridhika na mstari nilioandika alikuwa anaegemeza kiuno chake kwenye bega langu, hivi tu, hasemi kitu, halafu anaenda kugombana na jiko. Nilimwambia lile jiko aliliita Chifu, kwa sababu linakula mkaa na halifanyi kazi. Apondi akaongeza yake, nikaongeza yangu, tukabishana rangi ya mlango, tukabishana nani alivunja sufuria. Achieng alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na aliposimama kwenda kutia chai alilitukana jiko la Apondi kwa hasira ndogo, bila kujua, na mimi na shemeji yangu tukatazamana.

Kurudi

Barabarani mpaka Kisumu nilisema mimi. Yeye aliendesha. Pale Kisian aliniambia, "Sasa naweza kuondoka," na ameshaondoka, mnajua, jana kuamkia leo amenitumia picha ya galaksi nyingine, hafifu, utafikiri kidole kimegusa kioo. Apondi atakuja hapa Pasaka na mume wake. Mtamwona. Msishtuke.

Nimebakisha neno moja kwenu. Adhiambo alianza kunifundisha herufi kubwa, halafu ndogo, halafu majina ya vitu, halafu kuunganisha maneno yawe habari. Hapo kwa kuunganisha ndipo ugonjwa ulipotukuta. Yaliyobaki nimeokota mwenyewe kwenye mabango ya maduka. Kwa hivyo haya mliyosoma, mahali mmeona maneno yamekaa sawa, huyo ni yeye. Mahali nimekosea, alikuwa hajafika.